Santuri Iliyochezwa Upande Mmoja

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae. Aliye na jembe aliweke chini kidogo. Aliye na sufuria motoni apunguze moto, isije ikaungua halafu lawama nibebeshwe mimi. Ni mimi Katunge Wathome, na leo tunamkumbuka mama mmoja wa Katelembo, Nzilani Muindi.

Nzilani Muindi. Fundi wa cherehani. Mama yake Mwelu. Kama mtoto wako alisoma hapa Machakos miaka ya themanini au tisini, huenda sare yake ilipita mikononi mwa Nzilani. Alikuwa na kibanda chake karibu na soko. Alikuwa anaacha pindo refu chini ya sketi, ili mtoto akirefuka mama yake afungue uzi tu, asinunue nyingine. Mafundi wenzake walimgombeza kwamba anawaharibia biashara. Yeye alicheka na kuendelea kukanyaga cherehani.

Alifariki mwezi uliopita. Moyo ulimsumbua kwa muda, kisha ukachoka. Alikuwa na miaka sabini. Amezikwa kwake Katelembo, kando ya mume wake, Ndeti.

Mnanijua, mimi kujifanya siwezi. Kumbukumbu nyingi hapa huwa nazimaliza nikitabasamu, kwa sababu mtu ameishi, amekula, amezaa, amepumzika. Hii ya leo ni nzito. Nimeenda Katelembo, nimeenda Muthetheni, nimeenda hadi Katangi kuongea na watu wake, na kila niliyeongea naye alishika kichwa. Nimerudi na hasira pia, na sijui nimkasirikie nani.

Haya, tuanzie mwanzo.

Nzilani alizaliwa mwaka wa hamsini na tano. Alizaliwa njiani, mama yake akielekea soko la Muthetheni na mzigo wa mbaazi kichwani. Sisi Wakamba mtoto wa njiani tunampa jina la njia, hatuumizi kichwa. Mama yake aliitwa Kamanthe. Lishikeni jina hilo, wasikilizaji wapendwa. Kamanthe.

Kamanthe alikuwa na sauti. Hayo nimeyapata kwa mdogo wake, Susu Ndila, yaani Bibi Ndila, ambaye bado yuko Muthetheni. Ana miaka themanini na tano na mdomo mkali kuliko wangu.

"Kamanthe akiimba shambani, watu wa shamba ingine walikuwa wanasimamisha jembe," Susu Ndila aliniambia. "Mimi pia niliimba. Mimi hakuna mtu alisimamisha jembe."

Wakati Nzilani bado ananyonya, wanaume fulani wa ngoma walipita Muthetheni. Walikuwa wameitwa Nairobi kuimba santuri. Walimsikia Kamanthe akimbembeleza mtoto, wakamuomba waende naye. Akapanda lori, mtoto mgongoni. Alirudi na leso mpya, na peremende za mdogo wake. Akasimulia kwamba ameimba ndani ya chumba kilichotundikwa mablanketi ukutani, na mtoto alipoguna kuna Mzungu aliweka kidole mdomoni kuwaambia wanyamaze. Walicheka sana kwa hilo. Nani ananyamazisha mtoto kwa kidole?

Aliimba wimbo mmoja. Mmoja tu. Miezi michache baadaye Kamanthe alishikwa na homa, na homa ikamshinda. Nzilani alikuwa hajaanza hata kutembea.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Kamanthe hakuacha picha. Hata moja. Baba mtoto alienda kutafuta kazi Mombasa na akapotelea huko. Kwa hiyo kitu pekee cha Kamanthe kilichobaki duniani kilikuwa wimbo mmoja ndani ya santuri moja, na hakuna aliyejua santuri yenyewe iko wapi. Ndila aliisikia mara moja, kwenye duka hapa mjini, akiwa msichana. Wale wanaume wa ngoma hakuwajua majina. Alijua tu kwamba walitoka ng'ambo ya mto Athi.

Ndila ndiye aliyemlea Nzilani. Na Nzilani alipofika umri wa kuuliza, aliuliza. Mama aliimba nini?

"Nilimnyima," Susu Ndila aliniambia, akiangalia pembeni. "Huo wimbo nilikuwa naujua, maneno yote. Lakini nikitaka kuimba koo inafunga. Nikamwambia, enda utafute santuri, utamsikia mwenyewe. Nilisema hivyo ndio aniache. Sikujua atatafuta mpaka azeeke."

Na alitafuta, jamani. Alitafuta!

Aliuliza sokoni, aliuliza kanisani, aliuliza wateja wake akiwapima mabega. Mtu akija kushonewa suruali anaulizwa, kwenu kuna santuri za zamani? Alipoolewa na Ndeti, akiwa na pesa zake za kwanza za cherehani, alinunua gramafoni. Ile ya sanduku, inayofungwa na kubebwa kama mtu anaenda safari. Haitaki umeme. Unatia ufunguo pembeni, springi inajikaza, sahani inazunguka. Ilikuwa ya rangi ya samawati.

Mwelu, binti yake, ambaye ni mwalimu upande wa Mwala, anacheka na kulia akisimulia. "Mama alinunua mashine akiwa hana santuri hata moja. Baba alimuuliza, 'Sasa Nzilani, hii tutaweka nini juu yake, chapati?' Mama akamwambia, 'Siku mama yangu akija, unataka nimwambie asimame?'"

Mashine hiyo aliipaka mafuta ya cherehani kila mara, ikawa inazunguka laini. Ndeti alifariki, Mwelu akaolewa, na mashine ikaendelea kupakwa mafuta.

Sasa tuje kwa Liban.

Liban Abukar ni mfanyabiashara wa ng'ombe hapa mjini. Wengi mnamjua. Mtu mrefu, mpole, ukimuuliza bei ya fahali anakupa historia ya mama yake fahali. Liban alirithi gramafoni ya babu yake, ile yenye tarumbeta kubwa juu. Miaka mingi iliyopita alianza kuita watu wenye vitu kama hivyo. Jumapili ya mwisho ya mwezi, watu wakitoka kanisani, wanakutana uani nyuma ya duka lake. Kuna chai ya maziwa ya ngamia, kuna mahamri, na kila mtu amebeba chake.

Sharti lao ni moja. Kitu chenye waya wa stima hakiingii. Lazima kiwe kinatiwa ufunguo. Mimi nimeenda mara mbili na nikuambie, ni watu wa ajabu. Kuna katekista mstaafu mwenye kisanduku cha shaba alichopewa na sista, ukifungua kinalialia kama ndege. Kuna mama mwenye saa ya ukutani inayopiga wimbo wa kanisa, na kila ikipiga, wenzake wanamuuliza kama hiyo ni saa ya hapa au ya Uganda. Wanataniana, wanagombania kivuli, kisha mmoja anaweka santuri na wote wananyamaza kabisa.

Jambo lingine lazima mlielewe, kwa sababu hapo ndipo maneno yote yapo. Sindano.

Gramafoni inacheza kwa sindano ya chuma. Ile sindano ikimaliza upande mmoja wa santuri, ncha imelika. Ukiitumia tena inakwaruza santuri na kuiharibu. Kwa hiyo sindano moja, upande mmoja. Ukimaliza unatupa. Na siku hizi sindano hizo huzipati dukani. Liban alikuwa na akiba ya babu yake, na akiba ilikuwa inapungua. Ndiyo maana wakaweka kanuni. Kila mtu akija anapewa na Liban sindano moja. Sindano moja, upande mmoja. Mtu anachagua upande anaoupenda, unachezwa, basi. Santuri inarudi kwenye gunia.

Nzilani alisikia habari zao kwa mteja. Jumapili yake ya kwanza alifika na sanduku lake la samawati, kitambaa kizuri kichwani, na hana santuri. Walimuuliza amekuja kucheza nini.

Liban anakumbuka jibu lake neno kwa neno. "Alisimama pale mbele akasema, 'Mimi sijakuja kucheza. Namtafuta mama yangu. Anaitwa Kamanthe. Aliimba santuri moja nikiwa mtoto. Tafadhali muangalie kwenu.' Mimi mwenyewe nilienda nyumbani siku hiyo hiyo nikatoa santuri zote za babu, nikasoma moja moja."

Wote walisoma. Kila mtu alienda kwake akasoma zile karatasi za katikati ya santuri, akitafuta jina la Kamanthe. Hakuna aliyelipata.

Mmoja wao alikuwa Mzee Masila Ndunda wa Katangi. Mkulima. Mtu wa maneno machache na kofia isiyovuliwa. Masila alikuwa na gramafoni ya baba yake na santuri chache, na moja kati ya hizo ndiyo iliyopendwa na kikundi kizima. Waliiita Mbuzi. Ni wimbo wa wanaume wa kodiani, wanaimba kuhusu bwana mmoja aliyemuuzia baba mkwe wake mbuzi wa mahari mara mbili. Wimbo wa kuchekesha kweli. Kila mwezi Masila alitoka Katangi na santuri zake kwenye gunia, zimefungwa ndani ya blanketi, na kila mwezi watu waliomba Mbuzi.

Masila naye alikuwa ameangalia jina. Upande wa mbele karatasi ilikuwa na majina ya wale wanaume. Upande wa nyuma karatasi ililiwa na mende zamani, imebaki gundi tupu. Na upande huo wa nyuma una mkwaruzo mrefu kutoka ukingoni, tangu siku santuri ilipoanguka. Baba yake Masila alimuonya akiwa kijana. Usiweke sindano huku nyuma, utavunja sindano na utavunja santuri. Masila ni mtu wa kutii. Alimtii baba yake akiwa hai, akamtii akiwa kaburini.

Kwa hiyo Mbuzi ilichezwa upande wa mbele. Mwezi huu mbele, mwezi ujao mbele. Sindano ni moja. Nani atapoteza sindano kwa upande uliokufa?

Na Nzilani, wasikilizaji wapendwa, ndiye aliyeipenda Mbuzi kuliko wote. Kodiani ikianza, anaacha kikombe chini, anainuka, anacheza kwa mabega vile mama zetu walicheza. Alikaa karibu na Masila kwa sababu Masila hakuwa na maneno mengi. Aliimba kiitikio. Alimtania, "Masila, huyo bwana wa mbuzi si ni baba yako?" Masila akacheka mpaka kofia ikasogea.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda, mwaka baada ya mwaka. Alikuwa amepata marafiki, na mama hakumpata. Mtu asidhani alikuwa mtu wa huzuni. Alikuwa mcheshi. Lakini Liban aliniambia jambo ambalo sijaweza kulitoa kichwani.

Ilikuwa Jumapili yake ya mwisho pale uani. Alikuja na shuka mabegani ingawa jua lilikuwa kali. Hakucheza Mbuzi siku hiyo, alipiga makofi tu akiwa amekaa. Watu walipoanza kuondoka, alimuita Liban.

"Alinishika mkono," Liban anasema. "Akaniambia, 'Liban, mimi naogopa kitu kimoja. Si kufa. Nikifika huko, mama yangu nitamjuaje? Sura yake siijui. Sauti yake siijui. Nitapita karibu na yeye kama mtu wa barabarani.' Nilimwambia, Mama Mwelu, Mungu atakuonyesha. Akasema, 'Ndiyo, lakini ningependa nijue mwenyewe.'"

Hilo ndilo alilolitaka. Si mali. Si shamba. Ajue sauti ya mama yake, ili akifika amtambue.

Hakuisikia. Alifariki kabla ya Jumapili nyingine kufika.

Sasa nawapeleka Katelembo, baada ya mazishi. Ile Jumapili ya mwisho wa mwezi ilipofika, kikundi hakikukutana kwa Liban. Walisema wataenda kwake Nzilani, wakae na Mwelu. Wakafika mchana na masanduku yao. Susu Ndila alikuwa bado hapo, amekataa kurudi Muthetheni mpaka nyumba ipoe. Alikuwa amewekwa kwenye kiti cha mkono, na kikombe cha chai, akilalamika kwamba chai ya watu wa Katelembo haina majani.

Mwelu aliwaambia watumie mashine ya mama yake. Ile ya samawati. Akaifungua aifute vumbi. Pembeni ndani ya sanduku kuna kishimo kidogo cha kuwekea sindano, kina kifuniko. Akakifungua. Ndani kulikuwa na mkebe wa sindano. Umejaa. Haujawahi kufunguliwa.

Liban akauliza, "Alikuwa na hizi?"

"Tangu nikiwa msichana," Mwelu akasema. "Alinunua kwa duka fulani ikifungwa. Nilimuuliza mbona hatumii, akaniambia, 'Hizi ni za mama. Sitaki siku akija aimbe na sindano ya kuombaomba.'"

Mnaelewa? Kila mwezi Nzilani alipokea sindano moja kwa Liban kama wengine, akachezea santuri ya kuazima, na nyumbani ana mkebe mzima. Hakuwa mchoyo. Mtu aliyeacha pindo refu kwa watoto wa wenyewe si mchoyo. Alimwekea mama yake. Na kumbe ule mkebe ungefika pale uani, kungekuwa na sindano za kutosha kucheza kila kitu, mbele na nyuma.

Mwelu aliwapa mkebe. Akasema mama hahitaji tena, wautumie. Wakafungua. Masila akatoa Mbuzi kwenye blanketi. Ikachezwa. Hakuna aliyeinuka kucheza. Ikaisha.

Masila akanyoosha mkono airudishe kwenye blanketi. Liban akamzuia.

"Geuza," Liban akasema.

"Huko imekufa. Baba alinikataza."

"Leo sindano ziko. Mzee, geuza."

"Ikivunjika?"

"Ikivunjika ivunjike. Mama Mwelu alicheza hii santuri mpaka viatu vikaisha, na hatujawahi kumuonyesha mgongo wake. Geuza."

Masila aliigeuza. Akaweka sindano mpya, akatoka kando.

Mkwaruzo ulianza kugonga. Tik. Tik. Tik. Sindano ikarukaruka ukingoni na Masila akafunga macho. Kisha ikavuka. Mkwaruzo ulikuwa mwanzoni tu, wasikilizaji wapendwa. Mwanzoni tu! Baada ya hapo santuri ilikuwa safi kama mpya, kwa sababu hakuna aliyewahi kuicheza.

Hakukuwa na kodiani. Ilikuwa sauti ya mwanamke peke yake.

Kwanza alizungumza, vile waimbaji wetu hujitaja. Akasema kwa Kikamba, ni mimi Kamanthe, natoka Muthetheni, na huyu niliyembeba ni Nzilani. Halafu akaanza kuimba. Kilya, mwana wakwa. Nyamaza, mtoto wangu. Njia ni ndefu lakini sijakuweka chini.

Kikombe cha Susu Ndila kilianguka. "Aiya," akasema. "Aiya, Kamanthe." Akainama mbele kuelekea mashine.

Hakuna mtu mwingine aliyesogea. Wote walikuwa wameganda, hata wale ambao kila wakati wanagombania nani ataweka santuri. Na kwa sababu walikuwa wameganda, hakuna aliyekumbuka kutia ufunguo tena baada ya Mbuzi. Springi ikaanza kulegea. Sahani ikapunguza mwendo, na ile sauti ikaanza kushuka, ikawa nzito, ikawa ya mtu anayesinzia. Mwelu ndiye aliyeruka. Aliushika ufunguo akauzungusha huku analia, na sauti ya nyanya yake ikapanda tena, ikarudi ilivyokuwa, ya msichana.

Karibu na mwisho, mtoto analia ndani ya santuri. Kidogo tu, kilio cha mtoto aliyechoka kukaa mgongoni. Na Kamanthe anacheka katikati ya wimbo, anasema "kilya," kisha anaendelea kuimba. Huyo mtoto ni Nzilani. Wako wote wawili pale, mama na binti, kwenye upande wa nyuma wa Mbuzi.

Iliisha. Aliyekwenda nje alienda nje. Katekista alisali kimoyomoyo. Masila alikaa chini kwenye nyasi, mzee mzima, akavua kofia.

Mimi nilimfuata Katangi baadaye. Nilimkuta akipiga mbaazi, na hakutaka kuongea. Nilipokuwa naondoka ndipo alisema. "Nimembeba mama yake kwa gunia. Kila mwezi, Katangi mpaka Machakos. Nikamweka chini karibu na kiti chake. Halafu nikambeba tena nikarudi naye. Wewe unaelewa hiyo?"

Nilimwambia, Mzee, hukujua. Akasema, "Kugeuza ni mkono tu."

Nikaondoka.

Siku ile Katelembo, Masila alikuwa amependekeza wachukue mashine wapeleke kaburini, waucheze wimbo pale, Nzilani asikie. Wengine walikubali, wakaanza kufunga sanduku. Susu Ndila akawakemea kutoka kwenye kiti chake.

"Wacheni mchezo. Mtu akifunikwa na mchanga amefunikwa. Alikuwa asikie akiwa amekaa na nyinyi, anakunywa chai. Msinidanganye hapa." Halafu sauti yake ikashuka. "Na mimi niwache mchezo pia. Mimi nilikuwa na huo wimbo kwa hii koo. Miaka yote hiyo alikuwa ananiosha miguu, ananipikia, na mimi nimemnyima."

Mwelu alimkumbatia. Hakumwambia si kosa lako. Alimkumbatia tu, na nadhani hilo lilitosha.

Halafu, hapo hapo, bila kuombwa na mtu, bibi wa miaka themanini na tano alijaribu kuuimba. Mwelu anasema koo ilifunga mara mbili. Mara ya tatu ikatoka. Haikuwa sauti nzuri, Susu mwenyewe anajua. Alimshika Mwelu kichwa, mama mtu mzima mwenye wanafunzi na wajukuu, akamwimbia mpaka mwisho.

Wasikilizaji wapendwa, mimi si mhubiri, na muda wangu unaisha. Lakini nawaomba jambo. Hapo ulipo kuna mtu mzee anayejua kitu kuhusu wewe ambacho hajakwambia, kwa sababu kinamuuma, au kwa sababu hujamuuliza vizuri. Muulize leo. Akikataa, muulize tena kesho, kwa heshima. Na wewe mzee unayenisikiliza, unajua ninachosema. Toa. Usingoje koo ipone.

Na wale mnaoweka vitu vizuri kwa siku kubwa, sahani za wageni, shuka mpya, maneno matamu, nisikieni. Mimi nilienda nyumbani nikatoa vikombe vyangu kabatini.

Kwa Mwelu na watoto wake, poleni sana. Kwa Susu Ndila wa Muthetheni, pole, mama yetu. Kwa Mzee Masila Ndunda wa Katangi, pole sana, na tafadhali, mzee wetu, Jumapili ya mwisho wa mwezi urudi kwa Liban. Wanakungoja. Liban amenituma nikwambie kwamba kiti chako kiko. Kwa mafundi wa cherehani wa soko la Machakos, poleni kwa kumpoteza mwenzenu.

Najua sasa mnangoja nini. Hiki ni kipindi cha redio, na tangu nianze kuzungumza mmekuwa mkijiambia kwamba mwishoni Katunge atatuchezea wimbo wa Kamanthe. Simu zimeanza kuingia kuuliza. Nami niliutaka. Masila amempa Mwelu ile santuri, na nilimuomba Mwelu ailete hapa. Nilimbembeleza sana, kwa sababu kazi yangu ni hiyo.

Mwelu alinisikiliza mpaka mwisho, akaniwekea chai. Kisha akasema, "Dada Katunge, Machakos nzima itasikia nyanya yangu, na mama yangu hakumsikia. Hapana. Huo wimbo ulikuwa wa mtu mmoja."

Kwa hiyo leo hatuchezi kitu. Studio itakuwa kimya mpaka saa ya habari. Msiguse redio zenu, hazijaharibika.